Mpeni kijana kiti cha kulia, asiende kukitafuta Maun



Kuna swali limeanza kuzunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na linatoka kwa watu ambao hatukuzoea kuwasikia wakilia njaa: marubani. Ndiyo, marubani. Vijana wa Kitanzania waliosomea kurusha ndege Afrika Kusini, Kenya, Uganda, wengine mpaka Marekani. Wamerudi na leseni mkononi, wamekaa kitaa. Swali lao ni fupi: nina saa 200 za kuruka, ni nchi gani itanipa kazi ya kwanza?

Najua baadhi yenu mmeshatabasamu. Rubani asiye na kazi? Huyo si mtoto wa kishua? Sisi wenye shahada za ualimu tunaendesha bodaboda, yeye analalamikia nini? Naomba tusiishie hapo. Kwanza, sio wote watoto wa vigogo. Pili, ukimwelewa rubani huyu unaielewa Serikali ya CCM vizuri kuliko kwa hotuba kumi.

Tangu mwaka 2016 nchi hii imenunua ndege mpya zaidi ya kumi: Bombardier, Airbus, Dreamliner, Boeing ya mizigo, Boeing Max. Kila moja ilipotua tuliitwa kushangilia, ikamwagiwa maji, ngoma zikapigwa. Chawa wakaandika mashairi. Hakuna aliyeuliza kijana wa Igoma atafikaje kwenye usukani wa ndege hizo. Serikali imejua kuhesabu ndege. Kuhesabu saa za kuruka za vijana wake haijajua, na wala haijajaribu.

Saa 200 maana yake nini

Tuelewane kwanza, maana mjadala huu una hesabu yake.

Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya urubani wa kibiashara inapatikana kwa saa 200, au 150 kama umesoma mfululizo kwenye shule yenye kozi iliyoidhinishwa. Ukishaipata, kisheria unaruhusiwa kulipwa kwa kurusha ndege. Sheria imemaliza kazi yake hapo. Ila mwajiri hajamaliza. Kampuni ya bima inayoikatia ndege yake bima inamwambia: rubani wako awe na saa 500, au 1,000. Na leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa nahodha wa ndege kubwa za abiria, inataka saa 1,500.

Kwa hiyo kijana wa saa 200 yuko kwenye shimo. Hana kazi kwa sababu hana saa, na hana saa kwa sababu hana kazi. Wanasheria wenzangu waliohitimu wanalijua shimo hili: "uzoefu wa miaka mitatu" kwa nafasi ya kuanzia. Tofauti ni kwamba shahada ya sheria ikikaa kabatini haiozi. Leseni ya rubani inaoza. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kinaisha kila miezi 12. Ruhusa ya kuruka kwa kutegemea vyombo, yaani kupita ndani ya mawingu bila kuona nje, nayo hupimwa upya kila mwaka. Usiporuka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 huruhusiwi kubeba abiria. Kila kimoja kina gharama yake, na anayelipa ni mtu asiye na mshahara. Sisi wa ziwani tunasema samaki mkunje angali mbichi. Rubani naye ni hivyo hivyo: miaka miwili nje ya ndege, amekauka.

Gharama ya kufika hapo inazidi shilingi milioni 100. Mkopo wa HESLB umejengwa kwa ajili ya shahada na stashahada za vyuo, haukujengwa kwa ajili ya shule binafsi ya urubani Afrika Kusini. Kwa hiyo fedha inatoka wapi? Inatoka kwenye kiwanja cha Buhongwa. Inatoka kwenye mtumbwi na injini yake. Inatoka kwenye hati ya nyumba.

Ninaifahamu familia moja hapa Nyamagana iliyopeleka hati benki ili kijana wao amalizie saa zake. Alimaliza, alifaulu, amerudi. Marejesho yakaanza kabla ya mshahara kuanza. Mwaka jana walipokea barua ya notisi ya siku 60, ile ambayo kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mkopeshaji aitoe kabla hajagusa nyumba. Mama mwenye nyumba aliniletea ile barua nimsomee, akidhani ni bodi ya ndege imejibu maombi ya kazi ya mwanae. Huyo ndiye "mtoto wa kishua" tunayemcheka.

Milango ya nje, mmoja mmoja

Kwa kuwa hapa hakuna kitu, kijana anaangalia nje. Tuipite milango yote, ili asije mtu kudanganywa.

Marekani. Baada ya ndege ya Colgan Air kuanguka karibu na Buffalo mwezi Februari 2009 na kuua watu 50, Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 2010, na kuanzia 2013 rubani msaidizi wa shirika la abiria anatakiwa kwa kawaida awe na saa 1,500. Juu ya hapo unahitaji haki ya kuishi na kufanya kazi kule. Mlango huo umefungwa kwa kufuli mbili.

Ulaya. Kule mtu wa saa 200 anaweza kuajiriwa, wanafanya hivyo kila mwaka. Lakini awe na leseni ya Ulaya, na awe na haki ya kufanya kazi Ulaya. Leseni yako ya Tanzania au Afrika Kusini itabidi uanze nayo mitihani upya, tena yote.

Ghuba. Mashirika makubwa kama Emirates na Qatar Airways yakitangaza nafasi kwa watu wa nje yanataka saa zinazohesabika kwa maelfu. Wanaokuambia una saa 200 na kuna "mchongo wa Dubai" wanataka fedha zako.

Inabaki Afrika. Na hapa mji unaotajwa kuliko yote ni Maun, Botswana, mlangoni mwa bonde la Okavango. Kambi za watalii kule ziko kwenye visiwa na nyika ambako barabara hazipitiki, hivyo kila mtalii, kila gunia la viazi, linafika kwa ndege ndogo. Kwa miaka mingi vijana wa saa 200 na kitu kutoka Afrika Kusini na Ulaya wamekuwa wakienda Maun kabla msimu wa watalii haujachanganya, wanapanga chumba pamoja, wanapita ofisi hadi ofisi wakigonga milango na vyeti vyao mkononi. Anayebahatika anapimwa, anafundishwa viwanja vya vumbi, anaanza na ndege ya injini moja ya abiria watano, na baada ya muda anapanda kwenye Cessna Caravan. Akimaliza mkataba ana saa 1,000 na zaidi, na sasa mashirika ndiyo yanamsikiliza.

Windhoek nchini Namibia ni hadithi hiyo hiyo kwa kiwango kidogo. Lakini Botswana na Namibia nao wana vijana wao wenye leseni, na wanazidi kuwapa kipaumbele. Mtanzania anayefika Maun anahitaji kibali cha kazi, anahitaji leseni yake itambuliwe na mamlaka ya kule, mtihani wa sheria za anga za kule, na fedha ya kula kwa miezi anayosubiri. Bado anaweza kurudi mikono mitupu.

Halafu kuna milango iliyo wazi kwa sababu hakuna anayetaka kuingia. Somalia, Sudan Kusini, mashariki ya Congo. Mizigo, misaada, miraa, viwanja vya msituni vya Kivu na Maniema. Mashirika yote yaliyosajiliwa Congo yako kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya mashirika yaliyopigwa marufuku tangu 2006. Tarehe 4 Mei 2020, ndege ya African Express iliyokuwa imebeba vifaa vya kupambana na korona ilitunguliwa ikikaribia kutua Bardale, Somalia. Watu 6 waliokuwemo walikufa wote, na Ethiopia ikakiri kuwa askari wake ndio waliofyatua. Mtu mwenye saa 5,000 anaweza kukataa safari ya namna hiyo. Mwenye saa 200 na notisi ya benki nyumbani hakatai.

Kiti kilicho wazi Mwanza

Sasa geuza uso uangalie nyumbani.

Kile kinachoifanya Maun itoe kazi kwa marubani wachanga sisi tunacho, tena kingi. Tuna Serengeti yenye viwanja vya vumbi vya Seronera na Kogatende. Tuna Rubondo katikati ya ziwa. Tuna Selous, Ruaha, Katavi, Mahale. Tuna Zanzibar na Mafia. Tuna migodi ya Geita. Hapa Mwanza zipo Caravan zinazoruka kwenda Bukoba na Serengeti wakati sisi tunasubiri daladala Buhongwa. Ndiyo maana vijana wa Ulaya na Afrika Kusini wenye saa chache wamekuwa wakija Arusha, Dar es Salaam na Zanzibar kutafuta saa. Wao wanaiona Tanzania kama Maun nyingine. Sisi wenyewe tunatuma watoto wetu Maun!

Mimi sina chuki na mgeni. Babu zetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, maana yake alikaribishwa kwanza. Mgeni mwenye saa 3,000 anayefundisha wengine ni faida kwa nchi. Ninachohoji ni mgeni mwenye saa 300 kukaa kwenye kiti ambacho Mtanzania mwenye saa 250 anakililia.

Na kuna kiti kingine ambacho hata mgeni hakai. Nataka makamanda mkifahamu kiti hiki maana ndio kiini cha makala hii.

Cessna Caravan ina viti viwili mbele. Cha kushoto anakaa rubani. Cha kulia kina usukani wake kamili, lakini ndege hiyo inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, kwa hiyo mara nyingi kiti cha kulia anauziwa abiria. Watalii wanakipenda sana, wanapiga picha. Nani hajaziona Instagram? Mzungu wa likizo amekaa mbele ya usukani, anatabasamu, chini yake Bahari ya Hindi au Serengeti.

Kiti hicho ndicho ajira ya kwanza ya vijana wetu. Kanuni ikisema kwamba ndege ya biashara ya aina hiyo inayobeba abiria wa kulipa lazima iwe na marubani wawili, mambo mawili yanatokea kwa mpigo. Abiria anapata macho mawili zaidi na mikono miwili zaidi pale dhoruba ya Ziwa Victoria inapomkuta rubani amechoka, na anayelijua ziwa hili anajua dhoruba zake. Na kijana wa saa 200 anapata saa zinazohesabika. Naomba msisitizo hapo: zinazohesabika. Leo hata mwenye ndege akiwa na roho nzuri akamkalisha kijana kulia bure, saa zile hawezi kuziandika kama saa za rubani msaidizi, kwa sababu safari yenyewe haimuhitaji kisheria. Ndiyo maana huruma ya mwenye kampuni haitoshi. Inatakiwa kanuni.

Piga hesabu. Kijana akikaa kulia saa 50 kwa mwezi, ndani ya nusu mwaka amepata saa 300. Ametoka 200 amefika 500. Mwenye bima anaanza kumsikiliza, mwenye kampuni anampeleka kushoto, na kiti cha kulia kinabaki kwa mwingine.

Wenye kampuni watasema tunawapotezea tiketi moja kwa kila safari. Ni kweli, na gharama hiyo isifichwe. Serikali inaweza kuibeba sehemu yake kwa muda maalumu, mathalani kwa kupunguza tozo za kutua na kuegesha kwa kampuni inayobeba rubani kijana Mtanzania. Fedha hazipo? Ripoti ya CAG ya mwaka wa fedha 2022/23 ilionyesha ATCL imepata hasara ya shilingi bilioni 56.64. Ya 2023/24 ikaonyesha bilioni 91.8. Chukua hiyo ya pili uigawe kwa milioni 120 za kumsomesha rubani mmoja mwanzo mpaka mwisho. Unapata marubani 765. Hasara ya mwaka mmoja tu.

Sheria ipo, imelala

Watetezi wa Serikali watatuambia soko ndilo linaamua. Hapana. Sheria ndiyo inaamua, na sheria wameitunga wao wenyewe.

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya mwaka 2015, inamtaka Kamishna wa Kazi ajiridhishe kwamba juhudi zote zimefanyika kumpata Mtanzania kabla ya kutoa kibali kwa mgeni. Kifungu cha 7 kinamtaka mwajiri wa mgeni aandae mpango wa kurithisha: nani Mtanzania atajifunza kazi hiyo, kwa muda gani, na lini atachukua nafasi. Kibali ni cha miezi 24, na hata kikihuishwa jumla yake ina ukomo. Kwa lugha ya mtaani, mgeni anaruhusiwa kukaa kushoto kwa sharti kwamba kulia kwake amekaa mrithi.

Sasa tuulize. Kamishna, vibali vingapi vya urubani vimetolewa tangu 2015? Mipango mingapi ya kurithisha ililetwa mezani kwako? Mirithi mingapi imekamilika? Majibu haya hayahitaji tume wala safari ya Dubai. Yako kwenye mafaili, na vijana wana haki ya kuyaona.

Upande wa usalama wa anga, kanuni zinatungwa na Waziri chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80. Kanuni ya marubani wawili haihitaji muswada wala kusubiri Bunge. Inahitaji waziri mmoja na saini yake.

Twende mpaka kwenye Katiba. Ibara ya 22 inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Ibara ya 11 inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kufanya kazi na kujipatia elimu. Maneno matamu. Ila ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu ile, pamoja na hiyo ibara ya 11, hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama yoyote. Na kwa ile ibara ya 22 inayoweza kufika mahakamani, marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri aape kwamba yeye binafsi ameathirika. Baraza la Vijana halikuweza kwenda kumsemea rubani wa Igoma. Ilibidi aende mwenyewe, na notisi yake ya benki mkononi, apambane na mawakili wa Serikali. Mkituuliza kwa nini hatuchoki kudai Katiba Mpya, mfano ni huo. Madai yale yanahusu kazi ya mtu na nyumba ya mama yake.

Tulikuwa nayo, ikafa

Msidhani tunaomba jambo la ajabu. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha shule ya urubani Soroti, Uganda, ng'ambo ya ziwa letu. Ilikuwa ya nchi zote tatu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika la ndege la Afrika Mashariki lilikufa, Air Tanzania ikazaliwa, na Soroti ikabaki mikononi mwa Uganda. Esther Mbabazi, mwanamke wa kwanza wa Rwanda kuwa rubani wa ndege za abiria, alipita Soroti, na RwandAir ya nchi yake ikampokea akiwa na miaka 24 tu. Ethiopia wanasomesha marubani kwenye chuo cha shirika lao wenyewe Addis Ababa, kisha shirika hilo hilo linawaajiri. Shule na kiti vinafungamana.

Kwetu, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kimeingizwa kwenye mradi wa Benki ya Dunia wa kukifanya kituo cha umahiri cha usafiri wa anga, na kusomesha marubani ni sehemu yake. Ni hatua nzuri na sisi wapinzani hatuna shida kuisifia. Lakini shule bila kiti ni kuongeza watu kwenye foleni. Tutazalisha marubani wa saa 200 kwa bei nafuu zaidi, wakae kitaa kwa wingi zaidi.

Na jina letu nje limechafuka. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwenye anga yake. Juni 2025 ukaweka mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Orodha ile inahusu mashirika, haifuti leseni ya mtu. Lakini mwajiri wa nje akipokea maombi yako anaandikia mamlaka iliyokupa leseni kuihakiki, na mamlaka hiyo ndiyo ambayo Ulaya imesema usimamizi wake una kasoro. Mwaka 2017 Tundu Lissu alipowaambia Watanzania kwamba Bombardier yetu imezuiliwa Kanada kwa sababu ya deni, alishambuliwa kana kwamba yeye ndiye aliyeizuia. Tabia ni ile ile: anayetaja tatizo ndiye anakuwa tatizo, na tatizo lenyewe linabaki.

Tunachodai

Moja. Waziri atoe kanuni ya marubani wawili kwa ndege za biashara za injini moja zinazobeba abiria, na kampuni zipewe muda na unafuu wa tozo kujipanga.

Mbili. Idadi ya vibali vya kazi vya marubani wa kigeni, pamoja na utekelezaji wa mipango ya kurithisha, itangazwe hadharani kila mwaka.

Tatu. ATCL itangaze nafasi za marubani wanafunzi na marubani wasaidizi waziwazi, vigezo na matokeo vionekane. Ndege zimenunuliwa kwa kodi ya muuza dagaa wa Kirumba. Mtoto wake ashindane sawa na mtoto wa mkurugenzi.

Nne. HESLB na mfuko wa mafunzo wa TCAA vitengeneze mkopo wa urubani ambao marejesho yake yanaanza pale mtu anapopata kiti.

Tano. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iwe na maana kwa rubani. CASSOA, wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya, upo Entebbe, na kanuni za nchi wanachama unazioanisha. Leseni ya Dar es Salaam itambuliwe Nairobi na Kigali bila mtu kuanza kuzungushwa upya.

Kwa wewe unayeondoka kesho

Madai yanachukua muda na leseni yako inaoza sasa hivi, kwa hiyo nakuachia machache.

Usiache cheti cha afya na kipimo cha vyombo viishe, hata ukikopa. Ukirudi nyuma hapo gharama ya kuvirudisha ni kubwa kuliko ya kuvilinda. Barua ya uhakiki wa leseni na cheti cha polisi cha tabia njema viombe mapema, kabla hujakata tiketi. Ukipata nafasi ya kusomea ukufunzi wa urubani, ichukue: kufundisha wengine ni njia ya zamani na ya heshima ya kukusanya saa.

Wakala wa ajira za nje lazima awe amesajiliwa kisheria. Uliza usajili wake, kisha uhakikishe na TaESA. Kampuni inayokuambia uilipe wewe ili ikupe saa inakuuzia kiti ambacho ilipaswa kukulipa ukikalie. Mkataba wa kukufunga miaka kadhaa kwa madai ya gharama za mafunzo usiusaini usiku huo huo. Utume kwa mtu anayejua sheria, ausome. Tupo wengi kwenye Baraza, na kusoma hatutozi.

Na ukipewa safari ambayo moyo wako unakataa, hali ya hewa mbaya, ndege mbovu, uwanja wenye risasi, kataa. Nyumba inaweza kupiganiwa mahakamani. Wewe hapana.

Waswahili wanasema mcheza kwao hutunzwa. Rubani wetu yuko tayari kucheza kwao, leseni anayo, ziwa analijua. Kiti cha kulia kipo. Jumamosi hii kwenye kikao cha kata zetu, kila tawi la Nyamagana liandike barua moja kwa Kamishna wa Kazi na nakala kwa Waziri mwenye dhamana ya usafiri wa anga, ziulizwe zile takwimu za vibali. Barua kumi na nane kutoka kata kumi na nane hazitupwi kirahisi kama moja. Wakikaa kimya, ukimya wao tutauchapisha hapa hapa.

Aluta continua.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria na mwanachama wa Baraza la Vijana, Nyamagana, Mwanza.